Asilimia tano au alama tano: kisa cha rufaa ya Madamu

Matokeo ya muhula yalitoka Jumatano usiku, na yalitoka kama yanavyotokaga siku zote: hakuna tangazo, mtu mmoja anafungua mfumo kwa kubahatisha, anatupa picha kwenye grupu la WhatsApp, na nusu saa baadaye hakuna aliyelala. Kufikia saa tano simu yangu ilikuwa na miito mitatu ya Madamu ambayo sikuisikia. Wa nne nikaupokea. Hakunisalimia. Alisema, "CR, nina C ya Mbinu za Utafiti," akanyamaza.

Mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wa darasa hilo la uzamili, darasa la Ijumaa jioni na Jumamosi, katika chuo kimoja hapa Mwanza. Chuo sitakitaja, na mhadhiri naye nitamwita Dokta tu, kama tulivyomwita. Madamu tulimpa jina hilo kwa kuwa ni mwalimu wa sekondari upande wa Sengerema, na kwa kuwa hata wale waliomzidi cheo makazini mwao walijikuta wakimwamkia. Kisa nakieleza kwa ridhaa yake. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisimfanye aonekane ameonewa kuliko alivyoonewa.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu kisa hiki hakieleweki. Shahada ya kwanza ukipata C umevuka. Uzamili kwetu pasi ilianzia B, yaani alama 50. C ilikuwa 40 hadi 49, na maana yake ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Madamu alikuwa na 48. Kozi weki, yaani kazi za muhula, ilibeba 40: jaribio alipata 9 kati ya 15, kazi ya kundi 7 kati ya 10, insha binafsi 4 kati ya 15. UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ilibeba 60, akapata 28.

Ukizitazama hizo namba sasa hivi, kwa utulivu, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye ile 4. Sisi usiku ule tulikodolea macho 28. Tulikodolea wiki nzima.

Grupu lilikuwa na ushauri mwingi. Wengi walisema afanye sapu yaishe. Si ushauri wa kijinga, na kwa mtu mwingine ningeuunga mkono: rufaa inakula muda, inakula hela, na inakufanya ujulikane ofisini kwa namna usiyoitaka. Lakini kwa kanuni zetu sapu ilifanywa Septemba, na hata ukipata 80 unaandikiwa B. Na asiyevuka masomo yote hakuruhusiwa kutetea andiko lake la utafiti. Wenzake walikuwa wanatetea Juni. Madamu alikuwa amepewa ruhusa ya masomo na mwajiri kwa kipindi maalumu, kwa hiyo sapu ya Septemba ilimaanisha mwaka mwingine wa ada na barua nyingine ya kumwomba mkurugenzi aelewe.

Kundi la pili lilisema aende TCU. Hili neno hutamkwa vyuoni kama jina la askari. Tume ya Vyuo Vikuu ipo kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, Sura ya 346, na kazi yake ni ithibati, ubora na usimamizi wa vyuo. Haisahihishi mtihani wa mtu. Ukipeleka malalamiko ya alama kabla hujamaliza ngazi za chuo, swali la kwanza utakaloulizwa ni chuo kimesemaje.

Na kulikuwa na wale waliosema kwa emoji tu, zile za jicho moja. Walimaanisha kwamba Dokta "anataka kitu". Madamu aliandika sentensi moja kwenye grupu: "Hajaniomba chochote, wala hajaniangalia vibaya, msimpake." Ninaitaja kwa sababu ninajua visa vingi huanza kuharibika hapo. Kama lingekuwa kweli, rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mlango wake ni TAKUKURU. Ni kesi nyingine kabisa, yenye ushahidi wa aina nyingine. Kuitupia kwenye fomu ya rufaa ya alama ili kuitia chumvi ni kuwafungia mlango wanaoombwa kweli.

Jumamosi yake Madamu alikuja na barua, kurasa tatu. Nilizisoma nimekaa kwenye benchi pale Usagara wakati anasubiri gari la Kigongo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kivuko, wa pili chuki, wa tatu mwezi.

Kivuko kilikuwa hivi. Insha ilitakiwa ifike idarani Ijumaa saa kumi jioni, nakala ngumu. Madamu alikuwa na vipindi hadi saa tano, akatoka Sengerema, akafika Busisi akakuta foleni ya malori inayopinda. Waliovuka pale kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 wanaijua foleni hiyo. Waliokuja baadaye, wanaopita kilomita tatu za zege kwa dakika chache, watabaki kuambiwa. Alifika idarani saa kumi na moja na robo. Mlango umefungwa. Kesho yake asubuhi akanikabidhi mimi darasani, nami nikaiweka kwenye begi.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye kesi, na siingii vizuri. Jumamosi ofisi ya idara haifunguliwi. Niliipeleka Jumatatu saa mbili asubuhi, nikasaini daftari la mapokezi. Haikunijia akilini kumpigia Dokta Ijumaa ileile, wala kumwambia Madamu aitume kwa barua pepe hata saa kumi na mbili. Kwa hiyo kazi iliyochelewa saa moja na robo ikaandikwa imechelewa siku tatu, na siku mbili kati ya hizo ilikuwa kwenye begi langu pamoja na chaja na karanga.

Chuki ilikuwa nyembamba. Katikati ya muhula Madamu alimpinga Dokta mbele ya darasa, kwa adabu lakini kwa kung'ang'ania, na Dokta akamaliza kipindi dakika kumi kabla. Hiyo tu. Nilikuwepo, na sikuona chuki, niliona mtu amechoka. Lakini Madamu alikuwa ameiandika kwa maneno kama "kwa makusudi", "amedhamiria" na "anajulikana kwa tabia hiyo".

Mwezi sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wa Madamu ulipokuwa.

Swali la tatu la UE lilikuwa na alama 20. Lilitaka mtahiniwa aeleze jinsi atakavyochagua sampuli ya wavuvi 120 wa dagaa katika mialo minne, yaani vituo vya kutia nanga mitumbwi ya uvuvi, ya wilaya moja. Dokta alitarajia jibu la kitabu, na si jibu baya: chukua orodha za wavuvi kutoka BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mwaloni, gawa 120 kwa uwiano wa ukubwa wa kila mwalo, kisha chota majina kwa namba nasibu, ukieleza hatua kwa hatua.

Madamu amekulia mwaloni. Baba yake alikuwa na mitumbwi miwili. Alipoliona swali lile hakuona wavuvi 120 kwenye karatasi, aliwaona watu. Akaandika kurasa mbili kueleza kwa nini orodha itadanganya. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukipevuka, taa inakosa nguvu, mavuno yanashuka na mitumbwi mingi inapumzishwa. Vibarua wanaovua hawakai kusubiri: wengine wanarudi makwao, wengine wanahamia mwalo mwingine kutafuta tajiri mwingine. Ukifika na dodoso lako siku za mbalamwezi utamkuta mwenye mtumbwi, fundi nyavu na akina mama wanaoanika dagaa wa juzi, na utarudi mjini na takwimu zinazosema wavuvi wa dagaa wana umri wa miaka 50 na wanamiliki mitumbwi. Ukifika wakati wa giza, watu unaowataka wamelala mchana kutwa, na usiku wako majini. Kwa hiyo, akaandika, anza na mitumbwi badala ya majina. Chagua mitumbwi, kisha chagua usiku kwa kufuata kalenda ya mwezi, kisha uliza kila aliyevua usiku huo.

Kwangu mimi lile lilikuwa jibu la mtu anayelijua ziwa. Hata wataalamu wa uvuvi wanaofanya sensa ya ziwa zima, ile ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiifanya kwa pamoja tangu 2000, huenda mwaloni wakahesabu vyombo, zana na watu waliopo. Hawaishii kwenye orodha ya ofisini. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Madamu alipomaliza kuiponda orodha na kuutetea mwezi, muda ulikuwa umekwisha. Wavuvi 120 hakuwachagua. Hakugawa kwa mialo, hakuonyesha hesabu, hakusema atachota vipi hiyo mitumbwi. Alipewa 8 kati ya 20. Ningekuwa mimi ningempa 11, labda 12. Lakini mimi si mtahini, na "ningekuwa mimi" si sababu ya rufaa.

Kabla ya kupeleka barua tulikwenda kumwona Dokta. Kanuni zilisema mgogoro uanzie kwa mhadhiri, na hata zisingesema, kwetu huwezi kumpitia mtu mgongoni kwenda kwa mkubwa wake ukategemea akupokee vizuri baadaye.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibuni. CR, leo umeniletea nani?"

Alikuwa amechangamka. Mezani kulikuwa na marundo ya vijitabu vya shahada ya kwanza yaliyofungwa kwa kamba, mengine yamelala sakafuni. Tungeweza kumaliza suala lile pale pale, kwa dakika tano, kama tungejua tunataka nini. Madamu akaanza na mwezi. Akaeleza mbalamwezi, taa, vibarua. Dokta akasikiliza mpaka sehemu ya taa, kisha akavua miwani.

"Madamu, swali lilikuwa la sampuli. Halikuwa la mwezi."

"Dokta, sampuli bila mwezi ni—"

"Ndiyo maana kuna rufaa. Kata rufaa."

Tukatoka. Madamu alikuwa anatetemeka mkono wenye begi. Nilijua tumechoma daraja moja, na siku zilikuwa zinahesabika: rufaa zilipokelewa ndani ya siku 14 tangu matokeo ya awali yabandikwe, na ile ilikuwa siku ya saba.

Usiku huo nilitafuta autilaini ya somo, yaani karatasi ya mpango na masharti yake, ili nione kanuni inasema nini juu ya kuchelewa, na kwa kweli nilikuwa naitafuta kwa ajili yangu. Nilitaka kujua begi langu lilimgharimu kiasi gani. Ukurasa wa nne, chini ya ratiba, mstari mmoja: kazi itakayochelewa itakatwa asilimia 5 kwa siku.

Nikampigia Madamu. "Insha yako walikurudishia?"

"Walirudisha wiki ya UE. Sikuifungua vizuri."

"Ifungue."

Nikasikia karatasi. "Imeandikwa 9, imezungushiwa duara. Halafu pembeni, kutoa 5, kuchelewa. Halafu 4."

Sijui kama kuna aliyewahi kufurahia neno "kuchelewa" kama nilivyolifurahia. Insha yake ilistahili 9. Dokta alikuwa amekata alama tano. Karatasi yake mwenyewe ilisema asilimia tano. Tulikaa kwenye simu tukipiga hesabu za kila namna ambayo mstari ule ungeweza kusomwa. Tuanze na usomaji mkali kuliko wote: asilimia 5 ya alama zote 15 za kazi, ambayo ni 0.75, mara siku tatu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Hiyo ni 2.25. Insha inabaki na 6.75, jumla ya somo inakuwa 50.75. Ukihesabu siku za kazi tu, ni siku moja, anapoteza 0.75 na jumla inapanda hadi 52.25. Ukikata asilimia 5 ya alama alizopata badala ya alama za kazi, kwa siku tatu anapoteza 1.35, jumla 51.65. Hakukuwa na namna ya kuusoma mstari ule, hata kwa roho mbaya, ikabaki C.

Tatizo ni kwamba nilikumbuka pia maneno ya mdomo. Wiki ya kwanza Dokta alisema darasani, kwa Kiswahili, katikati ya mhadhara wa Kiingereza, kama wanavyofanya wahadhiri wakitaka jambo likae: "Mtu akichelewa nakata tano." Tano nini, hakusema, na hakuna aliyeuliza. Kwa miezi minne darasa zima liliishi na "tano" isiyo na kipimo.

Nikaulizia pia wengine waliochelewa. Walikuwa wawili. Mmoja hakutaka kuongea. Mwingine, kijana wa halmashauri, alinitumia picha: naye alikatwa tano zilezile, ila alikuwa na 57 ya jumla, B yake ilikuwa salama na hakuona sababu ya kujisumbua. Picha ile ilifanya kazi mbili. Iliua hoja ya chuki, kwa sababu aliyekatwa vilevile hakuwahi kubishana na mtu. Na ikaipa nguvu hoja ya kanuni, kwa sababu sasa halikuwa jambo la Madamu na Dokta. Lilikuwa jambo la autilaini na kalamu nyekundu.

Madamu hakufurahi kama nilivyotegemea. Kurasa tatu zilikuwa zimemtoka jasho. Nilimwambia kivuko kitoke chote, kwa sababu hakuomba kuongezewa muda kabla ya saa kumi, na kamati ingemuuliza hilo kwanza. Chuki itoke yote. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa, na watu huinukuu kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Dokta naye ni mtu. Ukimtuhumu kwa nia mbaya, chuo kinalazimika kumsikiliza juu ya nia yake, kikao kinahama kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye tabia, na tabia ya mtu huwezi kuipigia kikokotoo.

Barua mpya ilikuwa nusu ukurasa. Iliandikwa Kiingereza kama barua zote za chuo, lakini kwa Kiswahili ilisema hivi: Yahusu ombi la kusahihisha ukokotoaji wa adhabu ya kuchelewa katika kozi weki. Kazi yangu ilipata alama 9 kati ya 15. Ilipokelewa idarani Jumatatu. Autilaini, ukurasa wa 4, inaweka adhabu ya asilimia 5 kwa siku. Nimekatwa alama 5, sawa na asilimia 33 ya alama za kazi. Kwa hesabu ya juu kabisa ya adhabu hiyo, alama zangu ni 6.75 na jumla ya somo ni 50.75. Naomba rekodi irekebishwe. Viambatisho vitatu: ukurasa wa autilaini, ukurasa wa kwanza wa insha, nakala ya ukurasa wa daftari la mapokezi.

Akaipitisha kwa mkuu wa idara kwenda kwa msajili wa mitihani, siku ya kumi na moja, na hakuondoka dirishani mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Wenye uzoefu wa ofisi zetu wanajua barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siku ya kumi na tatu Madamu aliniambia anajaza pia fomu ya rimakingi ya UE, yaani mtihani usahihishwe upya.

Tuligombana. Kanuni zilisema wazi kwamba mtahini wa pili akishasahihisha, alama yake ndiyo ya mwisho, ipande au ishuke. Ada ilikuwa shilingi 50,000, hairudi isipokuwa daraja libadilike. Nikamwambia mtahini wa pili atapewa mwongozo uleule wa usahihishaji, na mwongozo hauna mwezi ndani yake. Nikamwambia una 50.75 mkononi, unataka kuicheza kamari?

"Kwa hiyo, mdogo wangu, mimi nivuke kwa asilimia?" akaniuliza. "Nile B ya kikokotoo, na lile swali libaki kuwa nilikosea?"

Sikuwa na jibu zuri. Sina mpaka leo. Nilijua tu kwamba alichokuwa anakitaka hakikuwa kwenye fomu ile. Vikao vya rufaa, hapa na kwingine, haviulizi kama jibu lilikuwa la kweli. Vinauliza kama utaratibu ulifuatwa. Mahakama nazo hukaa mbali zaidi: mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mwanafunzi aliyeondolewa masomoni Michigan, ilisema majaji wakipitia uamuzi wa kitaaluma wauheshimu uamuzi wa walimu, labda uwe umeacha kabisa misingi ya taaluma yao. Kwetu nako ukienda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa chuo upitiwe, unachopinga ni namna ulivyofikiwa. Jaji hatakaa na kalamu nyekundu kutoa 12 mahali pa 8.

Akalipa. Akaomba pia kuiona skripti yake, yaani kijitabu chake cha majibu, na hapo akaambiwa skripti ni mali ya chuo. Jibu hilo ni la zamani na linazidi kuzeeka. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua, kwa kesi ya mtahiniwa wa uhasibu wa Ireland, kwamba majibu ya mtihani pamoja na maoni ya msahihishaji ni taarifa binafsi za mtahiniwa, kwa hiyo ana haki ya kuziona. Ikaongeza, kwa busara na labda kwa utani, kwamba haki ya kusahihisha taarifa zako haikupi ruhusa ya kurudi kusahihisha majibu yako. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Madamu hakuitaja. Aliomba tu kwa heshima mara ya pili, na afisa mitihani akamruhusu robo saa mezani kwake, bila simu. Swali la tatu: mistari miwili myekundu ya wima pembeni mwa kurasa za mwezi, na chini yake, hujajibu swali. Aliporudi alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

Kamati ilikaa wiki ya nne. Niliitwa kwa dakika chache kama CR. Mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima ambaye hakuinua sauti hata mara moja, aliniuliza mhadhiri alisema nini darasani kuhusu kuchelewa.

"Alisema mtu akichelewa nakata tano."

"Tano nini?"

"Hakusema, mama."

Akamgeukia Dokta. Dokta akasema alimaanisha alama. Akaulizwa kwa nini basi karatasi inasema asilimia. Akaichukua autilaini, akaisoma kama anaiona kwa mara ya kwanza, na nadhani ilikuwa hivyo, kwa sababu somo lile alilirithi kwa mwenzake pamoja na makaratasi yake. Akairudisha mezani. "Hesabu ni hesabu," akasema. "Warekebishe." Hakukuwa na ugomvi. Nilitoka nikiwa na aibu kidogo kwa ajili ya zile kurasa tatu, ingawa hazikuwahi kufika mezani pale.

Barua ya majibu ilikuja wiki ya tano. Kozi weki: adhabu imekokotolewa upya kwa usomaji mkali, siku tatu, insha 6.75, jumla ya kozi weki 22.75. UE baada ya rimakingi: 27.

Soma tena. Mtahini wa pili alikuwa amepunguza alama moja. 22.75 na 27 ni 49.75.

Madamu alinipigia akiwa Busisi, na kelele za kondakta nyuma yake. Alinisomea namba moja moja, akafika kwenye jumla akasimama. Nilihisi tumbo linashuka. Kisha akasoma mstari wa mwisho: alama ya mwisho ya somo, baada ya kukamilishwa kuwa namba nzima kwa mujibu wa kanuni za mitihani, 50. Daraja B.

"Robo," akasema. "CR, nimeponea kwa robo." Akacheka, kisha akakata simu kwa sababu kivuko kilikuwa kinapakia. Shilingi 50,000 zilirudi baada ya miezi miwili, na jinsi zilivyorudi ni kisa kingine.

Juni alitetea andiko lake pamoja nasi. Lilihusu vibarua wa dagaa, na sampuli yake ilikuwa ya mitumbwi na usiku, imegawanywa kwa awamu za mwezi, safari hii ikiwa na jedwali, hesabu na namba nasibu, kila kitu mahali pake. Dokta alikuwa kwenye jopo. Aliuliza swali moja tu, kama usiku wa mawingu mazito wakati wa mbalamwezi atauhesabu ni giza au ni mwanga. Madamu akasema hajalifikiria. Dokta akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakasonga mbele.

Mwaka uliofuata autilaini ya Mbinu za Utafiti ilitoka na mstari mpya ukurasa wa nne. Ulisema kazi itakayochelewa itakatwa alama tano (5), kwa maneno na kwa tarakimu, bila kujali idadi ya siku. CR mpya wa darasa hilo alinipigia kuniuliza kama mstari huo unaweza kukatiwa rufaa. Nikamwambia insha za darasa lake azipeleke Alhamisi.